Mwaka Ambao Haukutimia

Kijiji chetu hakikuota chenyewe, kilipangwa na serikali. Mbung'o walikuwa wamejaa porini na watu wanakufa kwa malale, basi Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, akatoa amri kwamba wote waliotawanyika msituni kati ya Usoke na Urambo wahamie mahali pamoja, wafyeke miti, wajenge nyumba kwa mistari. Ndivyo tulivyokuja kuishi paa kwa paa, na vihenge vya mtama vikiwa vimesimama nyuma ya nyumba kama askari kwenye gwaride. Nalitaja hili mwanzo kabisa kwa sababu, kama tungebaki tulivyokuwa zamani, kila ukoo na pori lake, mengi ninayoyaeleza hapa yasingetokea.

Mimi nilikuwa mwalimu wa kanisa hapo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimeoa, nimesoma miaka mitatu misheni, nikarudishwa kuwahudumia watu wa kwetu. Mchungaji alikuja kwa baiskeli mara nne kwa mwaka kubatiza na kugawa Meza ya Bwana. Siku nyingine zote kanisa lilikuwa mikononi mwangu, nikisaidiwa na wazee wawili.

Misheni ilikuwa na sheria zake, na hazikuwa nyingi. Mkristo asioe mke wa pili, asinywe pombe, asitambike. Mimi niliziona chache. Nilichukua karatasi ngumu iliyokuwa imefungiwa nguo dukani kwa Mwarabu, nikaandika kwa wino upande mmoja, nikafika kumi na saba. Baadhi zilikuwa za misheni, zilizobaki nilizitunga mwenyewe. Asiteke mtu maji Jumapili. Asipige mtu ngoma, hata ya kufukuzia ndege shambani. Asivae mwanamke shanga kiunoni, kana kwamba ningeweza kujua. Ya kumi na moja ilisema mtu asitoke kanisani kabla ya baraka. Niliibandika kwa uji wa muhogo karibu na mlango. Wasiojua kusoma waliniomba niwasomee, nami nikawasomea kwa furaha.

Sikuwa mkatili, ingawa najua wapo waliosema hivyo. Nilikuwa na hofu. Nilidhani Mungu ametupokea kwa masharti, na kwamba sharti moja likivunjwa mlango utafungwa, na atakayeulizwa ni mimi. Kila usingizi ulipochelewa nilipitia sheria zangu moja moja, nikitafuta ile niliyoivunja bila kujua.

Mama yangu alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kubatizwa upande ule. Hakujua kusoma. Baba alikuwa amekwisha kufariki, naye aliishi peke yake nyumba ya tatu kutoka kwangu. Tangu nilipobandika karatasi yangu, Jumamosi jioni aliteka mitungi miwili badala ya mmoja, na Jumapili alikunywa maji yaliyolala.

Dada yangu aliolewa kijiji cha jirani, kwa mtu asiyekuwa wa kanisa. Mwaka ule alijifungua mapacha, na mmoja akafariki siku ya tatu. Kwetu Unyamwezi mapacha hawakuwa jambo la kuachwa hivi hivi. Mzazi wao alipaswa kuoshwa kwa dawa pamoja na ndugu zake, apakwe unga mweupe, aimbiwe nyimbo za matusi mchana kutwa. Asipofanyiwa hayo watu waliogopa kwamba mvua itakataa na uzazi wa wengine utaharibika. Wakwe wa dada walimwita mama. Mama akaenda.

Habari zilinifikia kabla yake. Alipokuja kwangu siku ya pili, bado alikuwa na weupe wa unga nyuma ya masikio.

"Mayu," nilimwambia, maana ndivyo tunavyomwita mama kwa Kinyamwezi, "ni kweli ulisimama uani ukanyunyiziwa dawa?"

"Kweli."

"Na sheria unaijua."

"Naijua, baba." Aliniita baba tangu utotoni, kwa kuwa nilirithi jina la baba yake. "Lakini dada yako amekaa ndani siku nne. Hakuna anayempa moto, hakuna anayempokea mtungi. Maziwa yameanza kumkauka. Walisema asipooshwa, yeye na mama yake, hatatoka. Nikaona bora aoshwe, atoke. Nikaoshwa naye."

"Ungeomba."

"Niliomba. Niliomba huku wananinyunyizia."

Sikuwa na la kumjibu, na kwa sababu hiyo nilikasirika. Jumamosi niliita wazee wa kanisa. Mmoja alitaka jambo lile lisemwe taratibu kisha liishe. Wa pili alikataa. Huyu alikuwa fundi wa mizinga ya nyuki, mtu mrefu, mkimya, ambaye maneno yake yalikuwa machache na yote yalisikilizwa. Miaka michache nyuma alikuwa amekunywa pombe kwenye matanga ya ndugu yake, akawekwa nje ya Meza, yaani akazuiwa kushiriki, mwaka mzima. Mwaka wote ule alikaa benchi la nyuma karibu na mlango, na kila mwezi mpya ulipoandama alifunga fundo kwenye kamba ya gome. Yalipotimia mafundo kumi na mawili alikuja kwangu na ile kamba mkononi, anionyeshe.

"Kutambika ni mwaka," alisema. "Na mama wa mwalimu ni mtu kama watu wengine."

Nilikubaliana naye. Jumapili iliyofuata nilisimama mbele nikasoma jina la mama yangu, kwa sauti ile ile niliyowasomea wengine, nikasema amewekwa nje ya Meza ya Bwana kwa muda wa mwaka mmoja. Sauti haikutetemeka. Nilipotoka watu wawili walinipa mkono, wakasema huo ndio uthabiti. Nilijivunia siku kadhaa.

Mama alihamia benchi la nyuma. Hakununa, wala hakuacha kuja kwangu kumsaidia mke wangu, aliyekuwa na mimba ya kwanza. Jumamosi aliendelea kufagia kanisa kama alivyofanya miaka yote. Nilimwambia kazi ile sasa haimpasi. Akauliza kama kuna mwingine aliyejitolea. Nikasema hapana. Akaendelea kufagia.

Moto ulikuja mwezi wa tano wa adhabu yake, katikati ya kiangazi, majani yakiwa yamekauka kiasi cha kuvunjika ukiyagusa. Ilikuwa Jumapili asubuhi. Tulikuwa tumekwisha kuimba na kusali, nami nilikuwa nimeanza kuhubiri. Leo sikumbuki nilihubiri nini, na hilo limenishangaza mara nyingi, kwa maana siku ile niliona ni maneno yasiyoweza kungoja.

Nilisikia harufu ya moshi kabla ya watu. Kiangazi moshi haukosekani, warina asali huwasha moto msituni na moto huwaponyoka. Niliendelea. Baadaye kidogo niliona watu wa upande wa dirisha wanageuza shingo. Mtu mmoja akainuka. Fundi wa mizinga, aliyekuwa amekaa mbele pamoja na mzee mwenzake, naye akajiinua nusu, akanitazama.

Niliinua mkono. "Kaeni," nilisema. "Baraka bado."

Wakakaa. Sijapata kulisahau hilo. Watu wazima, wenye nyumba na watoto, wanasikia moto, na wakakaa kwa sababu niliinua mkono. Fundi wa mizinga pia alikaa. Niliendelea kuhubiri kwa muda ambao sasa nakisia ulikuwa robo saa, nikiongeza sauti ili nisisikie mlio wa majani yanayopasuka kule nje.

Mama ndiye aliyesimama.

"Mwalimu," alisema kutoka nyuma. Hakuniita baba. "Moto umefika kwenye vihenge."

"Mama, kaa."

"Sikai," alisema, akatoka.

Baada yake walitoka wote kwa mara moja, wengine kwa mlango, wengine kwa madirisha. Nilibaki na vikongwe wanne na mke wangu, ambaye hakuweza kukimbia. Nilisema baraka. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa: niliisema yote, mpaka amina, ndipo nikatoka.

Upande wa mashariki wa kijiji ulikuwa unawaka. Wanaume walikuwa wanapiga moto kwa matawi mabichi na wanawake wanamwaga maji, yale machache yaliyotekwa Jumamosi, kwa kuwa mitungi ilikuwa haijajazwa. Nyumba ya mwisho kwenye mstari ule ilikuwa ya fundi wa mizinga. Ndani yake alilala baba yake, mzee sana, aliyebeba pembe za ndovu mpaka pwani siku za misafara na mabega yake bado yalikuwa na sugu. Miguu yake ilikuwa imekufa zamani. Jumapili walimwacha kwenye mkeka, na maji karibu.

Nilipofika paa lilikuwa limekwisha kuanguka. Yule mzee alikuwa amelala chini ya mti ng'ambo ya njia, anakohoa, mzima. Mama alikuwa amekaa kando yake, mikono ameinyoosha mbele kama anayesubiri kupakatishwa mtoto. Alikuwa amemburuta kwa mkeka wake, na mlangoni fito za paa zikawaangukia. Ngozi ya mikono yake, kutoka viwiko mpaka vidole, sitaieleza.

Fundi wa mizinga alifika baada yangu. Alikuwa amekimbilia kwanza upande wa vihenge, akidhani mtu mwingine amekwisha kumtoa baba yake. Alisimama akamtazama baba yake, akamtazama mama, kisha akanitazama mimi. Aliondoka akarudi na kibuyu cha asali, akapiga magoti, akaanza kumpaka mama mikononi, polepole, kama anayepaka rangi kitu kitakachovunjika.

Mama alilala barazani kwangu majuma matatu. Siku ya kwanza sikuthubutu kumkaribia. Ya pili nilikwenda nikachuchumaa karibu na mkeka wake.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, baba."

"Mayu, nisamehe."

"Nilikusamehe kabla hujamaliza mahubiri," alisema. "Sasa nifukuzie nzi. Hii asali inawaita."

Nikafukuza nzi mpaka mchana. Mtu angetegemea kwamba maneno yale yangenituliza. Hayakunituliza. Nilitaka anitukane, au anipe kazi ngumu, au asiseme nami kwa mwezi. Alilala mdomo ukiwa wazi kidogo, na kila alipoamka aliuliza kama mke wangu amekula.

Mchungaji alikuja mwisho wa mwezi, siku yake ya kawaida. Alikuwa Mnyamwezi mwenzetu, mtu wa makamo, mfupi, mwenye kikohozi kisichoisha. Alipofika Jumamosi mchana gurudumu la nyuma lilikuwa limetoboka, basi nilimkuta uani kwangu amechovya mpira kwenye beseni la maji, anatafuta mapovu. Nilimweleza yote pale pale. Sikuficha hata amina.

"Nataka uniweke nje," nilimaliza. "Miaka miwili."

"Kwa nini miwili?"

"Mmoja kwa ajili ya moto. Mmoja kwa ajili ya mama."

Alizungusha mpira kwenye maji. "Umekwisha kujihukumu. Unachotaka kwangu ni muhuri."

"Nimekosa, baba mchungaji."

"Umekosa sana. Sikatai. Hiyo miaka miwili ikiisha, itakuwaje?"

"Nitakuwa nimemaliza."

"Utakuwa umemaliza. Utakuja mezani kwa kuwa umemaliza." Alipata tundu, akaweka kidole juu yake. "Na Bwana atakuwa amekufa kwa ajili ya nini?"

Nilitazama mapovu yakikoma chini ya kidole chake.

"Mikono ya mama yako itapona ukikaa benchi la nyuma?"

"Haitapona."

"Nipe hicho kiraka." Nilimpa. Alikipaka gundi, akakipulizia. "Kesho utanishikia kikombe."

"Siwezi."

"Najua huwezi. Ungekuwa unaweza nisingekuwa na neno la kukuambia." Alibandika kiraka akakibana kwa gumba. "Wako wangapi waliowekwa nje?"

"Sita. Pamoja na mama."

"Wametubu?"

"Wengine walitubu siku ile ile."

"Sasa tuliwaweka nje ili wafanye nini?"

Nilifikiri sana nimpe jibu la kweli. "Wakae," nilisema.

Hakucheka. Alisema yeye pia amewaweka nje watu wengi miaka mingi, na kwamba amechoka.

Jumapili asubuhi, kabla ya kengele, ambayo kwetu ilikuwa kipande cha reli kilichotundikwa, mchungaji aliwaita wazee wawili mbele ya kanisa akawaambia atawakaribisha mezani wote sita. Mzee wa kwanza alisema ni sawa. Fundi wa mizinga alivua kofia.

"Baba mchungaji, huyu mama alimtoa baba yangu motoni. Nitamshukuru mpaka nife. Lakini mwaka ni mwaka. Amekaa miezi mitano na siku kidogo."

"Mzee wangu, kama angekaa yote, huo mwaka ungemfanyia nini?"

"Mimi nilikaa wote." Sauti yake ilipanda, na mimi sikuwahi kuisikia ikipanda. "Mwezi kwa mwezi. Mvua na jua. Watoto wangu walinitazama nimekaa pale mlangoni. Kama mtu anaweza kuingia hivi hivi, mimi nilikaa bure?"

Mchungaji alikohoa muda mrefu. Alipopata pumzi alisema kwa upole, "Ndiyo, mzee wangu. Naogopa ulikaa bure. Tulikukosea."

Sijui kama lilikuwa jibu la busara. Najua lilikuwa la kweli, na nililiona likiingia mwilini mwa yule mtu kama kisu.

Ibada ilikwenda. Mchungaji aliwataja wale sita kwa majina akasema wasogee, wasiogope, hii ni meza ya Bwana, si yake wala ya mwalimu. Wakasogea. Mmoja wao, kijana aliyewekwa nje kwa ngoma, alilia waziwazi. Mimi nilishika kikombe. Nilipofika kwa mama, mikono yake ilikuwa imefungwa vipande vya kanga, hakuweza kushika kitu. Nilikiinamisha mdomoni pake. Nilikiinamisha mno, divai ikamiminika.

"Nifute kidevu," alininong'oneza.

Nilimfuta kwa mkono wa kanzu. Kisha nikakipeleka kikombe kwa wengine, na wa mwisho kunywa nilikuwa mimi. Fundi wa mizinga hakunywa. Alikaa wima mahali pake mpaka baraka ilipotolewa, maana hakuwa mtu wa kuvunja utaratibu. Baada ya amina alivaa kofia akaenda zake, na Jumapili iliyofuata hakuja.

Ningependa kusema kwamba tangu siku ile mambo yalinyooka. Karatasi yangu niliibandua, hilo ni kweli, lakini kwa sababu tulihitaji kuorodhesha nyumba zitakazoleta majani ya kuezeka upya, na upande wa nyuma ulikuwa mweupe. Mwezi ule ule mwanamke mmoja aliniuliza njiani, "Mwalimu, sasa tumeruhusiwa nini?" nami sikujua la kumwambia. Mtu mwingine alitangaza kwamba sheria zimekwisha, akaoa mke wa pili, akamwacha wa kwanza na watoto bila chakula. Nilikwenda kwake nikamwambia anafanya uovu. Akaniuliza imeandikwa wapi. Nikamwambia atazame watoto wake. Alinifukuza. Mchungaji naye aliitwa kwenye baraza la kanisa akahojiwa, na baada ya miezi akapelekwa mbali, kusini huko. Aliniandikia barua moja, ya maneno machache, akiulizia mikono ya mama.

Wepesi niliotarajia ulikawia. Ulikuja bila mimi kuutafuta, siku ya Jumapili, mke wangu akiwa amejifungua siku mbili nyuma. Maji yalikwisha ndani. Mama hakuweza kubeba mtungi. Nilichukua ndoo nikaenda kisimani mwenyewe, na nilipokuwa narudi nayo kichwani, maji yakinichuruzikia shingoni na wanawake wakinicheka jinsi ninavyotembea, niligundua kwamba tangu asubuhi sijajiuliza hata mara moja kama Mungu amenikasirikia. Nilisimama njiani. Nilijaribu kuitafuta ile hofu, kama mtu anavyogusa kwa ulimi pengo la jino lililong'oka. Haikuwapo. Nilifika nyumbani nikachemsha maji.

Kwa fundi wa mizinga nilikwenda kila juma. Alinikaribisha vizuri, akaniletea kigoda na karanga, tukaongea habari za nyuki na za ardhi ambayo watu walisema Wazungu wataifyeka Urambo kwa mashine. Kanisa halikutajwa. Baba yake alifariki masika yale, kwa uzee, na mimi nilimzika. Siku chache baada ya maziko nilimkuta fundi anachonga gogo la mzinga. Hakuinua uso.

"Mwalimu, siku ile uliposema kaeni, nilikaa."

"Niliona. Kosa lilikuwa langu."

"Lako ni lako. Mimi nilikuwa najua baba yuko ndani. Nilisikia moto. Nilikaa kwa kuwa niliogopa kuwekwa nje tena." Aliweka shoka chini. "Nani ataniandikia miezi yangu?"

"Hakuna miezi, mzee wangu. Njoo tu."

"Njoo tu," alisema. Aliweka mikono magotini. "Hilo siliwezi."

Alirudi kanisani mvua za msimu uliofuata zilipoanza, akakaa benchi la nyuma. Hakuna aliyemwambia akae pale. Wenzake walimwomba asogee mbele, mama alimwendea mwenyewe, lakini fundi akatikisa kichwa. Meza ya Bwana ilipogawiwa aliinama. Alikaa hivyo mwaka mmoja, na ulipokwisha akaja mbele akanyoosha mkono, akala, akanywa. Sikumwuliza kama alikuwa na kamba. Mara nyingi nimejiuliza kama yule mtu alifika mahali pale kwa neema au kwa miezi yake, na sijapata jibu ambalo lingemtendea haki.

Mimi nilihamishiwa Kaliua miaka mitatu baadaye, kuwahudumia wafanyakazi wa reli. Dada yangu alibatizwa, pamoja na yule pacha aliyebaki. Mikono ya mama ilipona vibaya, vidole vya kushoto havikufunguka tena, lakini alijifunza kukoroga ugali kwa kuubana mwiko kwa kiwiko. Alikataa kunifuata Kaliua. Alisema kelele za treni zitamnyima usingizi.

Alifariki miaka kadhaa baadaye, wakati wa mavuno. Nilipata habari asubuhi, nikapanda garimoshi, nikafika kijijini siku ya pili jua likiwa juu. Kaburi lilikuwa linachimbwa. Fundi wa mizinga, ambaye wakati huo alikuwa mzee na mgongo umepinda, alikuwa ndani ya shimo mpaka kifuani na jembe lake. Vijana walikuwa wamesimama pembeni, hawana la kufanya, kwa sababu alikuwa amewakatalia kumpokea. Nilimwamkia. Aliitikia, akasema udongo wa hapa ni mgumu, kuna mawe. Nilivua koti nikateremka, tukachimba pamoja.